Kiolezo kimoja, programu tatu: shajara ya mradi

Tunachokifanya

Tunaandika mwongozo wa mafunzo kwa pamoja. Una sura nyingi, majedwali, picha za hatua kwa hatua, tanbihi na rejea za ndani. Waandishi hawatumii programu moja. Wapo wa Microsoft Word, wapo wa LibreOffice Writer, na wengine huandika moja kwa moja kwenye kivinjari. Kila sura hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia mhariri, na kila inapopita hubadilika mahali ambapo hakuna aliyekusudia kupagusa. Kichwa kinabaki peke yake chini ya ukurasa, nambari za hatua zinaanza upya, jedwali linavuka pambizo. Mhariri wetu anamaliza muda wake akirekebisha mwonekano badala ya kupima hoja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Jicho lake la lugha ni adimu, tusilipoteze kwenye kuhesabu nafasi.

Kazi niliyopewa ni kutengeneza kiolezo kimoja na kanuni chache za uandishi, ili sura iweze kuzunguka programu zote tatu na kurudi nzima. Naandika maendeleo hapa kadiri yanavyokuja, kwa ajili ya wenzangu na kwa yeyote anayepambana na shida hii.

Jumatatu. Ndani ya faili

Nimeanza na faili lenyewe kabla ya kuigusa programu yoyote. Faili la .docx ni kifurushi cha ZIP. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, kisha lifungue. Utakuta folda inayoitwa word, na ndani yake document.xml yenye matini, styles.xml yenye mitindo, numbering.xml yenye maelezo ya orodha, settings.xml, fontTable.xml, na folda ya media inayohifadhi picha. Faili la .odt nalo ni ZIP, lenye content.xml, styles.xml, meta.xml na settings.xml, pamoja na faili dogo linaloitwa mimetype. Hilo huwekwa la kwanza kabisa bila kubanwa, ili programu itambue upesi imeletewa waraka wa aina gani.

Nilikuwa natafuta mahali panapoeleza mstari unaishia wapi na ukurasa unakatika wapi. Hakuna. Waraka haubebi kurasa. Unabeba matini na maagizo tu: aya hii ni ya mtindo fulani, fonti ni hii, pambizo ni hizi. Mistari na kurasa hupigiwa hesabu upya na kila programu, kila faili linapofunguliwa. Kitu pekee kinachokaribia ni alama ya w:lastRenderedPageBreak, ambayo Word huiacha ndani ya matini kukumbuka ukurasa ulikatikia wapi mara ya mwisho. Ni kumbukumbu tu, hailazimishi chochote.

Jambo hili limeugeuza mradi mzima. Kwenye kikao tulikubaliana kipimo cha kufaulu kiwe kurasa kufanana kila mahali. Nimependekeza tukiondoe, na wenzangu wamekubali. Kipimo kipya ni hiki: sura irudi ikiwa na vichwa vilevile, hatua zenye nambari zilezile, majedwali yenye safu zilezile, na rejea zinazoelekeza palepale. Ukurasa ukikatika mstari mmoja juu au chini, na ukatike. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba hakuna kitu chochote katika waraka kinachotegemea ukurasa ukatike mahali fulani.

Matokeo ya kwanza ya uamuzi huo yameonekana palepale. Maneno kama "angalia jedwali lililo ukurasa wa 14" yaliyoandikwa kwa mkono yameondolewa kwenye sura zote. Badala yake tunataja jina la jedwali, au tunaweka rejea inayojihesabu yenyewe.

Jumatano. Fonti

Hata kama hatufukuzii kurasa zifanane, mistari isihame ovyo. Mhamo mkubwa kuliko yote unatokana na fonti, na sababu yake ni hesabu tupu. Kila herufi ina upana wake. Waraka ukitaja fonti ambayo kompyuta haina, programu huchagua mbadala. Mbadala huo ukiwa mpana kidogo tu, neno la mwisho la mstari linakosa nafasi na kushuka. Aya inaongezeka mstari, kisha nyingine, na baada ya kurasa chache kichwa cha sehemu kimeshajikuta kwingine kabisa.

Bahati nzuri kuna fonti huria zilizochorwa makusudi ili upana wa kila herufi ulingane na wa fonti zinazojulikana. Red Hat ilitoa familia ya Liberation mwaka 2007: Liberation Sans inalingana na Arial, Liberation Serif inalingana na Times New Roman, na Liberation Mono inalingana na Courier New. Baadaye zikaja Carlito kwa ajili ya Calibri na Caladea kwa ajili ya Cambria. Herufi zenyewe zina sura tofauti, lakini mstari unakatikia palepale.

Sura zetu nyingi zilikuwa na Calibri, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa fonti ya kuanzia katika Word tangu toleo la 2007, na chache zilikuja na Aptos iliyoirithi. Nimepitisha Arial kwa vichwa na Times New Roman kwa matini. Si fonti ninazozipenda kuliko zote, ila ndizo zenye mbadala wa upana uleule karibu kila mfumo. Kupachika fonti ndani ya faili kunawezekana, lakini faili hunenepa, na si kila leseni inaruhusu. Nimeliacha.

Kuna dosari moja ndogo iliyojificha kwenye fonti, na imewasumbua watu kwa muda mrefu bila kujua inatoka wapi: vitone vya orodha kugeuka vijisanduku. Nilifungua numbering.xml nikakuta kitone chetu si kitone cha kawaida. Ni herufi yenye namba U+F0B7, iliyowekwa pamoja na agizo la kutumia fonti ya Symbol. Namba hiyo iko kwenye eneo la Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, lililotengwa kwa matumizi binafsi, kwa hiyo bila fonti ile haina maana yoyote. Kompyuta isiyo na Symbol inachora kisanduku, na ina haki. Nimebadilisha ngazi zote za vitone zitumie U+2022, kitone halisi cha Unicode, kutoka fonti ileile ya matini. Vijisanduku vimekwisha.

Ijumaa. Vipimo na karatasi

Fupi. Ndani ya .docx pambizo hupimwa kwa sehemu ya ishirini ya pointi, yaani vipande 1,440 kwa inchi moja. Ukubwa wa herufi hupimwa kwa nusu pointi, hivyo ukiona `<w:sz w:val="24"/>` herufi ni ya pointi 12. Picha zina kipimo kingine kabisa, 914,400 kwa inchi. ODF, yaani umbizo la mafaili ya .odt, huandika sentimita au inchi waziwazi. Kugeuza kutoka kimoja kwenda kingine kunaleta tofauti ya kupunguza desimali: pambizo ya sentimita 2.5 huwa vipande 1,417, na ikirudishwa ni 2.499. Tofauti hiyo haina madhara kwetu.

Chenye madhara ni karatasi. Baadhi ya sura zilianzishwa kwenye karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, nyingine kwenye A4, milimita 210 kwa 297. Kwenye skrini hazitofautiani kwa macho. Kiolezo sasa kina A4 peke yake, 11906 kwa 16838 katika vipimo vya faili, na ni jambo la kwanza ninaloangalia sura mpya ikija.

Jumanne. Mitindo

Hapa ndipo nilipokaa na waandishi wenyewe, maana kiolezo hakina nguvu kama mwandishi anakipita pembeni.

Sura moja ilikuwa na vichwa vizuri machoni: vinene, vikubwa, vimewekwa katikati. Ndani ya faili vilikuwa aya za kawaida zilizopakwa unene. Programu haikujua kama ni vichwa, kwa hiyo orodha ya yaliyomo ilitoka tupu. Kati ya kichwa na aya kulikuwa na aya tupu zilizowekwa kwa kubonyeza Enter, na safu za majina zilipangwa kwa nafasi nyinginyingi. Mpangilio wa namna hiyo unasimama kwa fonti moja na karatasi moja tu. Ukibadili kimoja, umeporomoka.

Kanuni niliyoweka ni kwamba kila jambo liwe na mahali pamoja linapoamuliwa. Nafasi juu ya kichwa inaamuliwa na mtindo wa kichwa. Sura kuanza ukurasa mpya kunaamuliwa na mtindo wa Heading 1, ambao umepewa agizo la kuanza ukurasa, si kwa kubonyeza Enter hadi ukurasa uishe. Nafasi ya mistari nayo imetajwa wazi kwenye kiolezo. Ukiiacha bila kuitaja, kila programu inaweka chaguo lake la kuanzia. Word pekee imewahi kubadilisha chaguo hilo: toleo la 2007 lilianza na 1.15, na la 2013 likashuka hadi 1.08.

Majina ya mitindo nayo yana uzito. Mitindo iliyozaliwa na programu, kama Heading 1 hadi Heading 6, inatambulika kotekote. Word ikifungua Heading 1 kutoka Writer inajua ni kichwa cha ngazi ya kwanza, na programu ya kivinjari pia inajua. Mtindo uliobuniwa na mtu hauna uhakika huo. Tulikuwa na mtindo wetu wa "Onyo", wenye fremu na rangi ya nyuma. Ulipopita kwenye programu moja ulirudi ukiwa aya ya kawaida iliyopakwa rangi: mwonekano upo, jina limepotea. Ukitaka baadaye kubadilisha maonyo yote kwa mara moja, huwezi.

Nimependekeza maonyo yaandikwe kama aya ya kawaida inayoanza na neno Onyo lenye herufi nene na nukta mbili. Mwenzetu anayeshughulika na usanifu hakufurahi, na namwelewa, kwa sababu fremu ile ilivutia macho. Lakini onyo lililo ndani ya neno lenyewe haliwezi kudondoka njiani. Fremu tutaiweka mwishoni, wakati wa kutengeneza toleo la kuchapisha.

Jambo jingine dogo la mitindo ni lugha. Mtindo wa matini sasa unatamka kwamba lugha ni Kiswahili. Zamani haukutamka, na kila kompyuta ilichukua lugha yake ya kuanzia, kisha ikachora mistari myekundu chini ya kila neno. Waandishi walishaizoea kiasi cha kutoona makosa halisi ya tahajia.

Orodha za nambari (siku kadhaa)

Hili ndilo lililokula muda kuliko yote, na ndilo nililotaka hasa kuliandika vizuri.

Malalamiko ya mhariri yalikuwa hivi: "Ndugu yangu, hatua ya sita imerudi kuwa ya kwanza tena." Sura ya ufungaji ina hatua zinazofuatana. Baada ya hatua ya 5 kuna picha, kisha hatua ya 6 inaendelea. Kwenye programu aliyoandikia mwandishi, kila kitu sawa. Sura ikizunguka na kurudi, baada ya picha hesabu inaanza 1.

Nilifungua document.xml, nikatafuta aya ya hatua ya 6. Namba 6 haipo. Kilichopo ni hiki:

`<w:numPr><w:ilvl w:val="0"/><w:numId w:val="7"/></w:numPr>`

Maana yake: aya hii ni ya orodha nambari 7, ngazi ya sifuri, ambayo ndiyo ya kwanza. Basi. Ili kujua aandike nini, mwenye kusoma faili anakwenda numbering.xml na kutafuta w:num yenye kitambulisho 7. Hiyo nayo inamwelekeza kwenye w:abstractNum, maelezo ya jumla ya orodha yenye ngazi tisa: ngazi hii itumie tarakimu, ile itumie herufi, nafasi ya kuingia ndani ni kiasi gani. Kisha anarudi kwenye matini, anahesabu aya zote zilizotangulia zenye numId hiyohiyo, na ndipo anapata sita. Orodha inaweza pia kubeba agizo la kuanza upya, w:startOverride.

ODF imelifikiria jambo hilohilo kwa njia nyingine. Huko orodha ni chombo chenye mipaka: text:list inafunguka, ndani yake kuna vipengele, kisha inafunga. Orodha ndogo hukaa ndani ya kubwa. Picha ikikatiza, orodha hufungwa, na orodha mpya huanzishwa ikiwa na maelezo kwamba inaendeleza iliyopita.

Ukizitazama mbinu hizi mbili unaona tatizo linazaliwa wapi. Upande mmoja aya zinajumuishwa kwa kitambulisho hata zikiwa mbalimbali. Upande wa pili zinajumuishwa kwa kukaa pamoja, na mwendelezo ni maelezo ya ziada. Mfasiri kati ya pande hizo lazima akisie: je, orodha hii mpya ni mwendelezo au ni mwanzo? Kwa kawaida anakisia sawa. Lakini mwandishi akinakili hatua kutoka waraka mwingine na kuibandika, programu huunda w:num mpya, pengine yenye agizo la kuanza upya. Mwonekano unabaki uleule kwa sababu mwandishi amechagua "endelea na orodha iliyopita". Faili letu baada ya mizunguko kadhaa lilikuwa limejaa maelezo ya orodha ambazo hakuna aya inayozitumia, na hatua za orodha moja zilikuwa zimegawanyika katika vitambulisho tofauti.

Suluhisho lina sehemu mbili. Nambari za vichwa nimezifunga kwenye mitindo: orodha moja ya ngazi nyingi, kila ngazi imeunganishwa na mtindo wake wa kichwa. Mwandishi akichagua Heading 2 nambari inakuja yenyewe, na hana sababu ya kugusa kitufe cha nambari. Tangu hapo nambari za vichwa hazijapotea katika programu yoyote kati ya tatu.

Hatua ni ngumu zaidi, kwa sababu kila orodha ya hatua lazima ianze 1 kivyake. Hapa tumekubaliana kwamba kitu chochote kilicho sehemu ya hatua kikae ndani ya aya ya hatua hiyo. Picha ya hatua ya 5 huwekwa kwenye aya ileile, baada ya kubonyeza Shift na Enter, ambayo hushusha mstari bila kufungua aya mpya. Orodha haikatizwi na chochote, kwa hiyo hakuna mwendelezo wa kukisia. Nimeijaribu sura ya ufungaji kwa mzunguko kamili, kuanzia Word, kwenda Writer, kwenda kivinjari na kurudi. Hatua ya 6 imebaki ya 6.

Kubandika nako kuna kanuni: matini ya kutoka nje ibandikwe bila mpangilio, kisha ipewe mtindo. Watu wamelalamika kwamba ni kazi ya ziada. Ni kweli, lakini kazi hiyo inafanywa na mtu anayejua hatua zinaanzia wapi, badala ya kuachiwa mhariri aibashirie mwishoni.

Picha na majedwali

Picha zote sasa huwekwa ndani ya mstari kama herufi. Picha inayoelea ina nanga, na nanga inaweza kupimwa kutoka ukurasa, safu, aya au herufi. Kila programu ina namna yake ya kuamua matini ipite vipi pembeni. Maumbo na visanduku vya maandishi ni vigumu zaidi: Word mara nyingi huvihifadhi mara mbili katika faili lilelile, mara moja kwa DrawingML, lugha yake mpya ya kueleza michoro, na mara moja kwa VML ya zamani, ili programu isiyoelewa ya kwanza ichukue ya pili. Mtu akihariri nakala moja kwenye programu nyingine, haijulikani nyingine itabaki na maneno gani. Visanduku vya maandishi tumevifuta vyote. Michoro yenye mishale tunaihifadhi kama picha, na faili la asili tunalitunza kando.

Jedwali lililokuwa linavuka pambizo lilikuwa na upana wa aina mbili zinazopingana: jumla imetajwa kwa asilimia, safu zimetajwa kwa vipimo kamili. Asilimia yenyewe huandikwa kwa sehemu ya hamsini, kwa hiyo 5000 ndiyo asilimia 100. Programu moja ilifuata jumla, nyingine ikafuata safu. Kiolezo sasa kina upana maalumu kwa safu zote, kujipanua kumezimwa, na seli za kuunganishwa kwenda chini tunaziepuka. Safu mlalo ya kichwa kujirudia kila ukurasa imepita kotekote bila shida, jambo lililonifurahisha.

Kurasa za kulala

Jedwali moja pana linahitaji ukurasa uliolazwa. Katika .docx mwelekeo wa ukurasa ni mali ya sehemu, na maelezo ya sehemu huandikwa mwishoni mwake, kwenye aya yake ya mwisho. Katika ODF ni mali ya mtindo wa ukurasa. Kuvuka kutoka huku kwenda kule kunafanya kazi, ila kila mara kunazaa mtindo mpya wa ukurasa, na maandishi ya juu ya ukurasa yanaweza kujirudia au kutoweka. Tumeligawa jedwali mara mbili likae wima. Limekuwa rahisi kusoma pia.

Alhamisi. Mabadiliko yanayofuatiliwa

Wahakiki wetu wanategemea sana ufuatiliaji wa mabadiliko. Maneno yaliyoongezwa na yaliyofutwa yanapita vizuri kati ya programu, pamoja na jina la aliyebadilisha na tarehe. Maoni ya pembeni pia. Aya iliyohamishwa haina bahati hiyo. Word ina alama maalumu za kuhama, w:moveFrom na w:moveTo, na aya ikipita kwingine inaweza kurudi kama kufutwa hapa na kuongezwa kule. Mhakiki akikataa kimoja na kukubali kingine, aya inatoweka au inakuwa mbili. Kwa hiyo mzunguko wa uhakiki unaanza na kuisha katika programu moja. Mabadiliko yote yakubaliwe au yakataliwe kwanza, ndipo sura iende kwa mtu wa programu nyingine.

Nikiwa humo ndani nimeona jambo lililoeleza kwa nini hati yangu (programu ndogo niliyoiandika) ya kutafuta na kubadilisha istilahi ilikuwa inaruka maneno. Word huweka alama ya rsid kwenye vipande vya matini ili kutambua kila kipande kiliandikwa katika kikao kipi cha kuhifadhi. Neno "ukurasa" lililorekebishwa siku mbili tofauti lilikuwa limekatwa, "uku" kipande kimoja na "rasa" kipande kingine. Kwenye skrini ni neno moja. Kwa hati inayosoma XML, yaani maandishi yenye alama yaliyo ndani ya faili, ni vipande viwili visivyojuana. Sasa hati huunganisha kwanza vipande vyenye mpangilio sawa, ndipo itafute.

Umbizo gani liwe mama

Mjadala huu umerudi mara kwa mara kwenye timu, na unastahili jibu la wazi.

ODF iliidhinishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2005 na kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300, mwaka 2006. Umbizo la .docx ni sehemu ya Office Open XML, iliyopitishwa na shirika jingine la viwango, Ecma, mwishoni mwa 2006 kwa jina la ECMA-376, kisha ikawa ISO/IEC 29500 mwaka 2008. Vyote viwili vina maelezo yaliyochapishwa, na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Baadhi yetu waliona kwamba viwango vingetosha kuondoa shida.

Havitoshi, kwa sababu kiwango kinaeleza faili limeandikwaje, na kupanga mistari kunabaki kazi ya programu. Isitoshe, ISO/IEC 29500 ina tabaka mbili. Strict ni safi. Transitional imebeba mizigo ya zamani ili nyaraka za miaka iliyopita zisiharibike, ikiwemo mipangilio yenye majina kama autoSpaceLikeWord95. Toleo la kwanza la Ecma lilisema kwamba mtengenezaji anayetaka kulingana na mpangilio huo aige tabia ya programu ile ya zamani, bila kuieleza tabia yenyewe. Mafaili mengi tunayopokeana ni ya Transitional.

Kwenye settings.xml kuna pia compatibilityMode. Thamani ya 15 ni kwa Word 2013 na yaliyofuata, 14 ni 2010, 12 ni 2007. Sura zetu kongwe zilikuwa na 12, na Word yenyewe ilizipanga tofauti kidogo na sura mpya. Zote zimepandishwa hadi 15.

Msimamo wangu ni .docx iwe umbizo la kuzunguka, kwa sababu programu zote tatu zinaisoma na kuiandika, na mwandishi asihifadhi katika umbizo jingine njiani. Kila ugeuzaji ni tafsiri, na kila tafsiri inakisia. Wanaotetea ODF kwa ajili ya hifadhi ya muda mrefu wana hoja nzito, nami nimeikubali: sura ikishafungwa, tunahifadhi nakala ya .odt pamoja na PDF/A, aina ya PDF iliyokusudiwa hifadhi ya muda mrefu. Hiyo ni safari ya upande mmoja, hairudi kuhaririwa.

Ukaguzi

Kulinganisha mafaili yenyewe hakufai, maana programu ikihifadhi tu bila mtu kuandika neno, XML inabadilika. Kwa hiyo tunalinganisha muundo. Kila sura ikirudi, Pandoc, programu ya kugeuza nyaraka kutoka umbizo moja kwenda jingine, inaigeuza kuwa matini tupu yenye alama za vichwa, orodha na majedwali, na matini hiyo inawekwa kando ya ile ya kabla ya safari. Kichwa kilichoshuka ngazi au orodha iliyoanza upya huonekana mara moja kama mstari uliobadilika. Baada ya hapo LibreOffice inaendeshwa bila dirisha, kwa `soffice --headless --convert-to pdf`, ili mtu apitishe macho kwenye kurasa. Macho hugundua ambayo matini tupu haiyaoni, hasa jedwali lililobanwa.

Tahadhari moja kwa atakayeiga: Pandoc kwa kawaida huchukulia mabadiliko yanayofuatiliwa kuwa yamekubaliwa. Sura yenye mabadiliko ambayo hayajaamuliwa itaonekana safi kuliko ilivyo. Hati yetu hukagua kwanza kama kuna w:ins au w:del, na ikizikuta inaikataa sura.

Tulipofikia

Sura zote zilizoandikwa zimehamia kwenye kiolezo kipya. Mhariri amerudisha sura ya ufungaji ikiwa na maswali ya hoja peke yake, bila hata ombi moja la kurekebisha nambari au pambizo.

Kilichobaki ni milinganyo. Word huihifadhi kwa OMML na ODF hutumia MathML, lugha mbili tofauti za kuandika hisabati, na kugeuza kati ya hizo mbili kunahusisha muundo mzima wa mlinganyo, si alama tu. Sura ya vipimo ndiyo yenye milinganyo mingi na ndiyo inayofuata. Nimemwomba mwandishi wake aanze na ule mrefu kuliko yote, wenye sehemu juu ya sehemu na vipeo ndani yake. Ukivuka na kurudi ukiwa bado unaharirika, tutaendelea na utaratibu huu. Ukirudi ukiwa picha, milinganyo yote itaandikwa kwa LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi na hisabati kwa alama, kwenye faili la kando na kuingizwa mara moja tu, wakati wa kufunga sura.